Tumbo la Tanga

Mi ni fundi cherehani wa Bukavu. Naishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi, nashonea Lilongwe, soko la Tsoka, na kujisifu kwangu njo kuliniponza.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa Kigoma, mjane. Yeye na marehemu mume wake waliishi ndani ya mashua ya tanga, wakizunguka visiwa vya ziwa la huku. Sasa anaishi humo peke yake. Tanga alilolileta lilikuwa limechanika.

"Ziba hapa tu, fundi."

"Mi mtoto wa Kivu, mama. Maji nayajua."

Nilipolitandaza halikulala sawa, katikati limevimba kama gauni la mjamzito. Nikasema aliyelishona alikuwa mlevi. Nikafumua, nikakata, nikanyoosha mpaka likalala kama kitambaa cha meza ya Bwana. Kwa vipande vilivyobaki nikamshonea sakoshi, mkoba wa mkononi, iwe zawadi.

Juzi alirudi. Akalikunjua, akapapasa katikati.

"Fundi, tumbo lake liko wapi? Upepo utakaa wapi?"

"Nililitoa, mama. Lilishonwa vibaya."

"Alilishona mume wangu, kwa mkono, akiwa tayari mgonjwa."

Halafu akaiona sakoshi mkononi mwangu.