Mishono Saba ya Mama Vifungo

Asubuhi ile walinywea chai kitandani, maana viti vyote viwili vilikuwa vimelaliwa na nguo za watu. Mama Vifungo alimaliza kwanza. Akaweka kikombe chini ya cherehani, akachukua kipande cha bitana nyeusi na chaki yake ya fundi, akaandika kwa herufi kubwa kubwa.

"Hili ni jina langu," akamwambia mumewe. "Mbele pana mkasi uliosimama. Katikati pana kifungo. Mwisho pana mkasi tena. Umeliona?"

Mumewe hakusoma hata darasa moja. Alitazama mkasi, akatazama kifungo, akasema ameliona.

Mama Vifungo akamweleza kazi yake ya siku ile. Filamu ikiisha, majina ya waliofanya kazi hupanda ukutani, na hayamsubiri mtu. Yeye angeshika upande wa kulia, mume angeshika wa kushoto. Asipepese jicho.

"Nimelinda geti miaka thelathini na moja bila kupepesa," mume akajigamba.

"Na likavunjwa mara tatu."

Wakacheka mpaka kitanda kikalia. Hiyo ndiyo asubuhi yao ya mwisho ya kawaida. Wangejua, labda wangekunywa chai polepole.

Kisha likaja suala la koti. Koti lilikuwa moja tu, la kaki, la ulinzi. Kiwanda kilipofungwa, walinzi waliruhusiwa kwenda na makoti yao. Upindo wake wa nyuma ulikuwa umefumuka kwa wiki kadhaa, unaning'inia kama ulimi. Mtaa mzima ulishacheka: mume wa fundi anaburuta upindo. Siku ile walikuwa wanakwenda mbele za watu, kwenye tamasha la filamu, ndani ya jumba lenye viti vya kukunjuka. Mume akaomba upindo ushikwe japo kwa mishono miwili.

"Leo litakwenda hivyo hivyo," mkewe akasema.

Mume akanuna. Hakuuliza kwa nini. Angeuliza tu.

Jina la Mama Vifungo alipewa na mtaa. Hakujaliwa mtoto, na mtaa haukosi la kusema. Wenzake waliitwa mama wa fulani; yeye wakamwita mama wa vifungo. Mara ya kwanza alipoitwa hivyo aliitika kwa tabasamu, jina likamganda. Miaka arobaini alishona sare, mapazia na sanda katika chumba kimoja chenye mlango wa barabarani. Nguo zikavaliwa, zikachakaa, zikawa matambara ya kufutia sakafu. Hakuna aliyewahi kuuliza nani alizishona.

Ndipo akaja yule kijana wa miwani, ambaye wenzake walimwita Mkuu. Alikuwa anatengeneza filamu ya wanasesere, ya kutazamwa na wazazi pamoja na watoto wao. Alitoa mfukoni mtoto wa kike wa mpira, urefu wake shibiri moja, yuko uchi. Alikuwa ameshapita kwa mafundi watano na wote walimcheka. Mama Vifungo hakucheka. Alimpima yule mwanasesere kwa uzi, kwa sababu utepe wa kupimia ulikuwa mpana kuliko mkono wa mtoto huyo.

Miezi kumi na minne alikwenda kwenye karakana yao kila siku. Jioni alirudi akimsimulia mumewe jinsi kazi ile inavyokwenda. Mwanasesere anasogezwa kidogo, kama upana wa punje ya mchele. Anapigwa picha. Anasogezwa tena, anapigwa tena. Watu wazima sita wanafanya hivyo kutwa nzima, na kazi yote ya siku hiyo ikichezeshwa inakwisha kabla hujamaliza kupiga chafya. Mume alisema huo ni wendawazimu. Mke akasema ndiyo, lakini ni wendawazimu wenye adabu.

Siku moja Mkuu alilishika lile gauni dogo, akaligeuza ndani nje, akakosa pa kulaumu. Akamwambia mbele ya wote, "Mama, jina lako litapanda pale juu." Mama Vifungo aliirudia kauli hiyo nyumbani mara nyingi. Hakuitia chumvi. Aliisema vilevile ilivyosemwa. Hakuwa mtu wa kutaka vitu, lakini hicho alikitaka.

Kosa lake lilikuwa moja.

Jioni moja, wakati wanafunga karakana, alimwona mwanasesere amesimama mezani, katikati ya hatua, amekumbatiwa na mwanasesere wa bibi. Begani pa gauni palikuwa na mchaniko. Vidole vya watu vilikuwa vimelisugua gauni siku baada ya siku mpaka kitambaa kikaachia. Hakuna aliyeona. Fundi nguo haachi mchaniko ukalala. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyowafundisha wasichana waliopita mikononi mwake.

Alifika nyumbani akafungua makopo yote ya nyuzi. Hakuna uliofanana. Akaliona koti mlangoni. Uzi wake ulikuwa wa zamani, mwembamba, rangi ya majani makavu, na una mng'ao ambao nyuzi za dukani siku hizi hazina. Akaufumua upindo wa nyuma na kuuvuta uzi wote. Mume akalalamika. Akaambiwa anyamaze, kuna mtoto yuko na bega wazi.

Kesho yake aliwahi kabla ya wote. Akashona mishono saba bila kumsogeza mwanasesere hata unywele. Aliporudi jioni alisema kwamba katika maisha yake hajawahi kushona vizuri kuliko vile.

Siku nne baadaye wakatazama picha. Bega limechanika, limechanika, limechanika, halafu ghafla ni zima. Wiki nzima ya kazi ya watu sita. Kurudia hakuwezekani, tarehe ya tamasha ilikuwa mlangoni. Mkuu alimwita katikati ya karakana. Mama Vifungo alidhani anakwenda kusifiwa, akafuta mikono kwenye gauni lake.

"Nani alikutuma?" Mkuu akamuuliza. "Nenda kashone magunia, mama. Yale hayapigwi picha."

Wawili watatu wakacheka. Wengine wakatazama viatu vyao. Akachukua mkasi wake na sindano zake, akatoka. Mumewe alipoyasikia alitaka kwenda kumwonyesha yule kijana cha mtema kuni. Mkewe alimzuia. Alisema jambo moja tu ndilo la kuangalia: Mkuu alimfukuza, ila kuhusu jina hakutamka kuwa amelifuta.

Basi, koti lilikaa na upindo wake ukining'inia. Kila mume alipolikumbusha, mke alisema hana uzi wake.

Siku ile ya tamasha wakaenda kwa miguu. Onyesho lilikuwa saa nne asubuhi. Mlangoni alisimama binti wa kukata tiketi, amevaa fulana ya tamasha. Akawatazama, akatazama nyuma yao.

"Hili ni onyesho la familia, bibi. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko ndani," Mama Vifungo akajibu. "Ametangulia."

Wakakaa safu ya nyuma, katikati ya watoto wa watu waliomwaga bisi na kupigana mateke. Taa zikazimwa. Na yule mtoto wa shibiri moja akatokea ukutani, mkubwa kuliko nyumba, amevaa gauni. Mume akasahau kufumba mdomo. Mara zote alidhani mkewe anasimulia vitu vya kitoto.

Hadithi ilikuwa ya mtoto anayemtafuta bibi yake katika mji wenye mvua isiyokatika. Akafukuzwa mlango huu, akafukuzwa na ule. Bega la gauni likachanika. Mwisho akamkuta bibi, bibi akamkumbatia, na kamera ikasogea karibu. Mchaniko ukafunga. Pale palipokuwa wazi pakatokea mishono saba, kila mmoja mrefu kama mkono wa mtu. Jumba zima likashusha pumzi. Mwanamke wa mbele akajifuta macho kwa kofia ya mwanawe.

Mume akauona uzi. Ukubwa ule, hata kipofu angeuona. Ulikuwa uzi wa koti lake. Alilivaa miaka thelathini na moja, alijua mng'ao wake kwenye mvua na kwenye jua. Akamgeukia mkewe. Mkewe alikuwa amenyooka kama mtu anayepigwa picha.

Majina yakaanza kupanda. Mume akashika upande wa kushoto. Mkasi, hakuna kifungo. Kifungo, hakuna mkasi. Macho yakamwaga machozi kwa kutopepesa. Mama mmoja wa safu ya mbele alikuwa akimsomea mwanawe kwa sauti: mpishi, dereva, aliyebeba taa. Kisha watu wakaangua kicheko, na yule mama akasoma tena kwa ajili ya mtoto: "Na paka wetu mpendwa wa karakana." Baada ya paka ukuta ukawa mweusi.

"Kwako lipo?" Mama Vifungo akanong'ona.

"Halipo. Kwako?"

Aliendelea kuutazama ukuta mweusi.

Taa zikawaka. Mkuu akapanda jukwaani na kipaza sauti, akapigiwa makofi. Watu wakauliza maswali. Mtu mmoja akauliza lile wazo la gauni kujiponya kwenye kumbatio lilitoka wapi, maana limemgusa sana. Mkuu akavua miwani, akaifuta. Alisema wazo hilo lilimnyima usingizi miezi mingi. Hata uzi, alisema, aliutafuta yeye mwenyewe, duka kwa duka, kwa sababu alitaka uzi wenye kumbukumbu. Makofi yakarindima.

Hapo Mama Vifungo akamshika mumewe mkono wa koti. Aliuvuta kwa nguvu, kwenda juu, huku yeye mwenyewe ameinuka nusu. Vichwa viwili vitatu vikageuka. Mume akaona mtu mzima anataka kwenda kubishana na kijana mbele ya watoto wa watu. Akaona na upindo wake unavyoning'inia nyuma. Uso ukamwaka moto. Akaweka kiganja begani mwa mkewe, akambonyeza.

"Kaa chini," akasema. "Usituaibishe."

Akakaa. Wala hakubisha. Alikuwa mwepesi kubonyezeka kuliko mume alivyotarajia.

Nyumbani Mama Vifungo aliondoa nguo za watu kwenye kiti kimoja, akaketi, akamwambia mumewe amletee koti. Akaushona ule upindo, wote, kwa uzi mweusi wa dukani. Alipomaliza akalitundika mlangoni.

Alfajiri mume alisikia kikombe kimeanguka. Alimkuta sakafuni, mdomo umekwenda upande. Hospitali wakasema kiharusi. Siku tisa alilala pale akimtazama mumewe kwa jicho moja, na mume kila siku alimwomba aseme neno, lolote, hata tusi. Siku ya kumi kitanda kilitandikwa upya kwa mtu mwingine.

Mtaa ulikuja kuzika. Ulimsifu sana. Kila mtu alivaa kitu alichokishona yeye, na hakuna aliyelitambua hilo.

Baada ya wiki tatu mjane alivaa koti, akaenda karakana. Mkuu alimpokea vizuri, akampa kiti, akampa pole na maji ya kunywa. Mzee alieleza kwa maneno machache, kama alivyozoea. Akavua koti, akaonyesha uzi wa zamani kwenye mikono yake. Akaomba amwone mwanasesere ili aulinganishe. Mkuu akasema mwanasesere hayupo, amepelekwa kwenye tamasha lingine ndani ya sanduku la kioo.

"Tena, mzee wangu, makoti yote ya zamani yana uzi wa hivi," akaongeza kwa upole. "Angalau nyuma ungekuja nayo ilivyokuwa. Huu si mweusi tu?"

Akampa bango la filamu, limekunjwa vizuri. Mzee hakujua namna ya kulikataa. Nyumbani alilikunjua juu ya kitanda, akaweka pembeni kile kipande cha bitana chenye maandishi ya chaki, ambayo kufikia hapo yalikuwa yameanza kupukutika. Akapitisha kidole bango zima, mstari kwa mstari, akitafuta mkasi, kifungo, mkasi. Alitafuta mpaka mchana. Kisha akaligeuza, akatandika upande mweupe juu ya cherehani kuzuia vumbi.

Koti halivai tena. Liko pale pale mlangoni alipolitundika mkewe jioni ile, alipomaliza upindo na kuukata uzi mweusi kwa meno. Alikuwa amempa mumewe mgongo. Alisema mara moja, bila ukali, na hakusema kingine tena hapa duniani:

"Sikuwa nasimama mimi. Nilikuwa nakusimamisha wewe, waone koti."