Bibi Waisiko na Picha ya Boke

Pale kijijini Machochwe ukitaka kujua mtoto gani amerefuka tangu likizo na yupi amenenepa, usiwasumbue walimu, muulize Waisiko. Ni fundi cherehani, ameshona sare za shule miaka thelathini, na kiuno cha kila mtoto anacho kichwani. Mdomo wake nao unakwenda kasi kuliko cherehani. Akikupima suruali lazima akutanie, na ukinuna anazidisha mpaka ucheke.

Mtani wake mkuu ni Boke, mjukuu wake wa kidato cha kwanza anayeishi naye. Huku bibi na mjukuu ni watani tangu mtoto anapoanza kutembea. Waisiko humwita mke mwenza, na wawili hao wamekuwa wakimgombania babu ambaye alishafariki zamani. Bibi akisema yeye ndiye mke mkubwa, Boke humjibu kwamba babu alimpenda yeye, huyo mwingine alitolewa ng'ombe tu. Basi wanacheka mpaka sufuria inaungua.

Mwaka huu mwanawe Nchagwa, aliyeko Mwanza, akamletea simu janja. Kwa wiki mbili tu akawa ameingia grupu la kwaya, la mafundi, na la ukoo lenye watu mia na ishirini, na hakuna hata moja alimonyamaza. Kuandika kunamchosha macho, kwa hiyo hutuma sauti, dakika tano tano. Watu huzisikiliza mpaka mwisho, maana anachekesha kweli.

Jumamosi moja Boke alishinda akimsaidia kutia vifungo kwenye mashati, akapitiwa na usingizi juu ya gunia la vitambaa, mdomo wazi, mate yanamtoka. Waisiko akampiga picha, akaitupia kwenye grupu la ukoo na sauti chini yake: "Mwoneni mke mwenzangu. Anakoroma mpaka ng'ombe wanahama zizi, halafu anataka kuninyang'anya mume." Ukoo mzima ukacheka. Mwenyewe aliirudia kuisikiliza mara nne.

Kosa lilikuwa hapo, wala hakuliona. Utani uliozoea kuishia uani kwao, safari hii aliutoa kwa watu mia na ishirini, na wengi wao simu zao zinachezewa na watoto.

Jumatano Boke akasema tumbo linauma. Alhamisi, tumbo. Ijumaa Waisiko akachemsha ile dawa yake ya mizizi ambayo hata watu wazima huikimbia, na Boke akainywa yote kimya. Hapo ndipo bibi alishtuka. Akamketisha, akambembeleza, na mambo yakatoka.

Emanuel, mtoto wa Mogesi, mwanamke jirani wa ukoo huohuo, aliikuta picha kwenye simu ya mama yake, akaitengenezea stika, akaipeleka pamoja na ile sauti kwenye grupu la wanafunzi. Sasa Boke akisimama kujibu swali, darasa zima linakoroma. Harudi shule tena, alisema, afadhali afundishwe kushona. Katika ukoo wao hakuna msichana aliyewahi kumaliza kidato cha nne, na huyu ndiye Waisiko aliyekuwa akimtegemea.

Akachukua fimbo, akaelekea kwa Mogesi. Boke akamzuia mlangoni.

"Bibi, ukimchapa, kesho kutakuwa na stika yako na hiyo fimbo. Halafu ile sauti wanayoiigiza si ya Emanuel. Ni yako."

Fimbo ikarudi ukutani. Waisiko hakuwahi kuaibika hivyo mbele ya mtoto.

Mchana wakaenda wote wawili kwa Mwalimu Dorka, anayeshughulikia malezi pale shuleni. Mwalimu akamwambia Boke asijibizane na mtu humo mtandaoni, wala asidhani kosa ni lake. Akataka skrinshoti za yale waliyoandika kabla hayajafutwa, na akaahidi kuzungumza na darasa na wazazi. Kisha akamgeukia bibi na kumwambia kwa heshima zote kwamba picha ile ifutwe kwanza kule ilikoanzia.

Jioni Waisiko akashika simu. Yule wa dakika tano, safari hii zilimtoka sekunde ishirini tu: "Ile picha ya Boke niliipiga mimi, mtoto amelala kwa kuchoka na kazi yangu. Nilikosea. Kila aliye nayo aifute. Na Boke, nakuomba msamaha mbele ya ukoo." Bibi kumwomba mjukuu msamaha hadharani ni jambo ambalo wengi hawakuwahi kulisikia.

Jumapili Mogesi akamleta Emanuel mwenyewe. Kijana akatoa shikamoo, macho chini. Sasa, Waisiko alikuwa na siri yake: mwaka jana suruali ilimchanikia Emanuel kwenye paredi ya shule, akaja kwa fundi analia, amefunga sweta kiunoni. Ulimi ulimwasha. Neno moja tu kwenye simu, na Emanuel naye angeugua tumbo. Akalimeza.

"Mura," akamwita kama waitwavyo vijana huko, "umeifuta?"

"Nimeifuta, bibi."

"Na wale uliowatumia?"

Kijana akaanza kulia. Hakujua imefika kwa akina nani.

"Hata mimi wa kwangu siwajui," Waisiko akasema, na wakakaa hivyo, wakosaji wawili, mpaka Mogesi akaomba maji ya kunywa.

Jumatatu Boke akaenda shule. Hakuahidi kama ataenda Jumanne. Waisiko alishona ovyo siku nzima, shati moja akalitia mikono yote miwili ya kushoto. Boke aliporudi, bibi alimwacha anywe uji kwanza, ndipo akamuuliza.

"Bado wanakoroma," Boke akasema. "Ila leo walikuwa wawili tu."

"Ukafanyaje?"

"Nikawangoja wamalize, nikajibu swali."