Ukuta wa Sahani

Mtaa mzima unamwita Bibi Chumvi, na wala si kwa mapishi. Ni kwa maneno. Akikusimulia mvua, jua mvua hiyo iliondoka na jiko la mtu. Akikusimulia paka, paka huyo alikuwa na mwili wa mbuzi. Jina alibandikwa na mawifi zake, watoto wakalidaka, naye hakulikataa hata siku moja. Husema maneno makavu hayampiti kooni.

Kazi yake ni kuuza vyombo vya jikoni. Alianza kwa kuvibeba kichwani nyumba hadi nyumba, masufuria na birika na sahani za bati, enzi mtaa huu ulipokuwa viwanja vitupu na nyumba zisizo na milango. Sasa ana kibanda chake pale kona. Wanawe wamesoma kwa masufuria hayo hayo, na hakuna maharusi wa mtaa huu walioanza maisha bila chombo kutoka mkononi mwake. Ukitaka kujua nani alihamia lini, muulize alinunua nini. Ila punguza kidogo atakachokwambia.

Lakini lipo jambo moja alilolisimulia hadi watu wakalijua kwa moyo. Alidai kuwa ukuta wa nyuma wa ukumbi wa mtaa ulipigwa plasta na wanawake, tena kwa sahani. Fundi alizozana na kamati, akabeba miko yake akaenda zake. Waume zao wakasema tusubiri mwezi ujao. Mwezi ujao upi, na manesi walishaahidi kuja kuchanja watoto, ilimradi wapate chumba kilichokamilika?

"Tukaingia wenyewe," alizoea kusema. "Sahani zilikuwa zangu, za kuuza. Tulikuwa saba."

Hapo ndipo watu walipomngoja. Aliwataja: dobi, mwenye genge, mke wa fundi baiskeli, wale mapacha wa nyumba yenye bomba, na yeye mwenyewe.

"Hao sita, Bibi."

"Nimesema saba."

"Wa saba nani?"

Na Bibi Chumvi, ambaye hajawahi kuishiwa maneno tangu azaliwe, alikuwa akikohoa kidogo, kisha akikuuliza kama nyumbani kwako sufuria zinatosha. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Hata mjukuu wake aliyemlea, mwalimu wa chekechea, alicheka. Wa kumtetea hakuwepo. Dobi na mwenye genge walishafariki, na wengine walihama zamani.

Basi mwaka huu kamati ikaamua kuukarabati ukumbi. Mwenyekiti ni kijana wa hapa hapa, mtu mpole, hana makuu. Mlangoni akatundika ubao mpya wa historia: ukumbi huu ulijengwa na wazee wafuatao, na wote wafuatao walikuwa wanaume. Ndani, mafundi wakabandua mbao zilizoufunika ukuta wa nyuma miaka nenda miaka rudi. Ukuta ukatokea umejaa mikunjo ya nusu duara, juu hadi chini, kama magamba ya samaki.

"Aliyepiga hii plasta alikuwa amelewa," fundi mkuu akasema. "Kesho tunaichimbua yote."

Habari zikafika kibandani kabla ya chai. Bibi Chumvi hakulala vizuri. Ukuta ule ukichimbuliwa, neno lake litazolewa na kifusi, naye atakufa akiwa muongo wa mtaa. Hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukiri.

Asubuhi akaingia ukumbini na sahani ya bati kwapani. Watu walishajaa, maana mtaa huu kwa kuja kutazama haujambo. Mbele kabisa aliketi mama yake Mwenyekiti, mwanamke wa heshima zake, mjane, asiyejulikana kwa maneno mengi.

"Bibi, twende nyumbani," mjukuu wake akamnong'oneza. "Watu wanakucheka."

"Wazoefu hao. Waache."

Akaenda ukutani, akaegesha ukingo wa sahani kwenye mkunjo mmoja. Ukakaa. Akahamia wa pili, ukakaa. Vicheko vikapungua. Fundi mkuu akakuna kichwa.

"Duara na duara, Bibi. Hata mfuniko ungekaa hapo."

Mwenyekiti akamsogelea kwa adabu. "Bibi yangu, mimi nataka kukuamini. Nitajie huyo wa saba, nami ukuta nauacha. Ukishindwa, niruhusu mafundi wafanye kazi."

Bibi Chumvi aliangalia nyundo, akaangalia ukuta wake. Jina lilikuwa pale pale ulimini, limekaa tayari, neno moja tu na mambo yangeisha.

"Wa saba yupo," akasema. "Ila simtaji. Nilimwahidi."

Mwenyekiti akashusha pumzi, akampa fundi ishara. Nyundo ikainuliwa.

"Weka hiyo nyundo chini."

Alikuwa mama yake Mwenyekiti, amesimama.

"Wa saba ni mimi," akasema. "Marehemu baba yako alikuwa katibu wa kamati. Alinikataza kushika tope, ati nitamwaibisha mbele ya wenzake. Nikapitia mlango wa nyuma na mimba yako, mwanangu, tumbo hili hapa. Nikamwapisha huyu asinitaje maisha yake yote. Mzee alipoondoka ningeweza kusema, nikaona haya. Mmemcheka miaka yote hiyo, na mimi nikiwa nimekaa hapo hapo nawasikiliza."

Akamwonyesha Bibi Chumvi kwa mkono. "Na mnasema anatia chumvi. Hili amelipunguza. Sikuweza kuinama. Kipande changu cha ukuta, chini kote, alikipiga yeye."

Akaichukua ile sahani, akainua mkono, akaufuata mkunjo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kutafuta. Wanawake ndio walioanza kupiga vigelegele, kisha ukumbi mzima ukapokea. Mjukuu wa Bibi Chumvi alikuwa analia waziwazi, amemkumbatia bibi yake kiunoni kama mtoto.

Ukuta ulibaki, ukapakwa chokaa tu ili mikunjo ionekane. Ubao wa mlangoni ulishushwa, ukaandikwa upya, wanawake saba juu, wazee wakafuata.

Jioni ile kibanda cha kona hakikuwa na pa kukanyaga. Bibi Chumvi alikuwa anasimulia jinsi nyundo ilivyoshuka, ikabaki unywele mmoja iguse ukuta, naye akaidaka kwa mkono mtupu.

Mtu mmoja akafungua mdomo abishe. Mama yake Mwenyekiti, aliyekuwa pembeni akichagua birika, akamwangalia usoni.

"Ni kweli kabisa," akasema. "Nilikuwepo."