Mgonjwa Aliyeponywa Daftarini

Kwa miaka ishirini na miwili mwanamke huyu ndiye aliyeandika wagonjwa wa kanisa, na wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Daftari. Daftari lenyewe lilikuwa la kurasa mia mbili, limefunikwa gazeti. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana wanawake watano walikutana kwenye ngazi za kanisa, yeye akasoma nani amelala wapi na anaumwa nini, kisha wakagawana nyumba. Mguu wa fulani umevimba. Mama mkwe wa fulani haoni tena. Hawakwenda na maneno mengi. Mchungaji wa zamani, Mungu amrehemu, aliwafundisha kwamba ukifika kwa mgonjwa ukae kwanza, umsikilize anaumia wapi, ndipo uombe, maana si adabu kumpelekea Mungu habari za mtu usizozijua. Jina lilitoka daftarini siku mwenyewe alipokuja ibadani kwa miguu yake, au siku alipozikwa.

Mchungaji mpya alikuja na vyeti viwili na sauti nzuri. Asisingiziwe: hakuwa mwizi wala mlevi, na wazee aliwaamkia vizuri. Ila alikuwa na fundisho lake, kwamba anayeomba mara ya pili hakuamini mara ya kwanza. Ombi likishatolewa mbele ya kusanyiko, kilichobaki ni kushukuru. Basi mgonjwa alisimamishwa, akawekewa mikono, akaulizwa anajisikiaje, na jibu lilikuwa limeshajulikana kabla ya swali. Watu walilipenda jambo hilo. Kanisa likajaa mpaka viti vya plastiki vikaazimwa kwa majirani.

Mume wa Mama Daftari alikuwa seremala, na mabenchi ya kanisa lile yalitoka mikononi mwake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza bei alitaja moja tu, akarudi kwenye randa yake. Mwaka huo koo likaanza kumbana. Kwanza mkate haukupita, kisha hata supu ikawa inapita kwa kuvizia. Hospitali walimpiga picha, daktari akamwita mke pembeni, akasema naye taratibu kama watu wasemavyo wakiwa na habari mbaya. Jioni hiyo mke akaandika jina la mumewe daftarini, chini ya lile la mama mkwe asiyeona.

Jumapili ya tatu mchungaji akamwita fundi mbele. Akaenda, shati linaning'inia mwilini kama limeanikwa. Akaombewa, kanisa zima limesimama.

"Baba, unajisikiaje?" mchungaji akauliza, akamsogezea kipaza sauti.

Fundi akamtazama yule kijana, akawatazama watu. "Nimepona," akasema.

Vigelegele vilipigwa mpaka madirisha yakatikisika. Nyumbani mke alingoja mumewe avue viatu.

"Umepona?"

"Bado."

"Sasa kwa nini umesema?"

"Ulitaka nimwaibishe mtoto wa watu? Kipaza sauti kiko mdomoni mwangu, na yeye jasho linamtiririka. Ningesemaje?"

Dada yake fundi alikuwa jikoni akichambua mboga. Hakuwa na ulimi wa kukaa ndani. "Huyu kaka yangu, wifi, hata ukimkanyaga mguu atakuambia pole wewe," akasema. Wakacheka wote watatu, mpaka fundi akapaliwa na wao wakanyamaza.

Jumatatu mchungaji akamwita Mama Daftari ofisini. "Mama, jina la baba bado limo. Ameshashuhudia. Tukiendelea kumsoma kati ya wagonjwa tunamfanya Mungu mwongo."

Angeweza kukataa. Lakini tangu azaliwe hakuwahi kumbishia mchungaji, na hilo alijivunia kama wengine wanavyojivunia watoto waliosoma. Akachukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari ulionyooka juu ya jina la mumewe.

Alhamisi wanawake walipogawana nyumba, ya fundi haikuwamo. Si kwamba walimchukia. Kwenda kumtazama mtu aliyeshuhudia uponyaji ni sawa na kumwambia amedanganya, na nani angebeba neno hilo mpaka mlangoni kwake? Mama Daftari naye akachukua mkoba wake, akaenda mtaa wa tatu kukaa na mguu uliovimba, na mumewe akabaki kitandani anatemea mate kwenye kopo. Alhamisi iliyofuata akaenda tena. Ni mwimbaji mmoja tu wa kwaya aliyethubutu, akapita mlango wa jikoni na chupa ya supu chini ya mtandio.

"Nimekuja kuazima sinia," akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Akakaa na fundi nusu saa, akamfuta midomo, akaondoka bila sinia.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," wifi alisema siku hiyo. "Ninyi hamkuyaficha. Ninyi mmeyatangaza kuwa yamehama, nayo yamelala chumbani."

Mwezi haukwisha fundi akawa hainuki. Asubuhi moja akamshika mkewe kiganja. Sauti ilikuwa imebaki kama ya msumeno kwenye mti mbichi. "Mwambie aje aniombee. Si ile ya kushukuru. Ile ya kuomba."

Mke akaenda mbio mbio, hajachana hata nywele. Mchungaji akampa kiti.

"Mama, nikija na mafuta kumwombea upya, watu watasema nini? Wapo wachanga wa imani ambao wamesimama kwa sababu ya ushuhuda ule. Nitakuja tumshukuru Mungu pamoja."

"Hakuomba shukrani. Anaumia."

"Kurudia ombi ni kuonyesha shaka."

"Bwana bustanini alirudia mara ngapi?"

Mchungaji akatabasamu kwa upole. "Ile ni mada nzito, mama. Chuoni tuliisoma muhula mzima."

"Mimi niliishia darasa la saba, lakini hadi tatu najua kuhesabu. Aliomba mara tatu kikombe kimwondokee. Hakikuondoka. Naye alikuwa na shaka?"

Kijana yule akaupanga upya mrundo wa karatasi uliokuwa umepangika. Mwisho akasema, "Nitalitafakari," akamfungulia mlango.

Fundi alingoja Jumatano, akangoja Alhamisi. Kila hatua zikisikika barazani aligeuza macho. Ijumaa akamwambia mkewe, "Basi omba wewe."

Mwanamke huyu alikuwa ameomba katika nyumba zisizo na idadi. Akapiga magoti kwenye sakafu yake mwenyewe, akafumba macho, na kilichomjia ni asante. Asante Bwana kwa kuwa umetenda. Akaanza upya, ikaja asante ileile. Wifi yake, ambaye kanisani alionekana kwa harusi na misiba, akapiga magoti upande wa pili wa kitanda. "Mungu," akasema, "kaka yangu anaumwa. Anaumwa sana. Tusaidie." Fundi akafumba macho. Asubuhi ya Jumamosi hakuyafumbua.

Kwenye maziko ilisomwa historia ya marehemu iliyopitiwa na ofisi ya kanisa. Ndani yake fundi alizaliwa, akaoa, akatengeneza mabenchi, akaitwa. Kuugua hakukuwamo. Mchungaji akahubiri kwamba baba alikwenda akiwa mzima.

Alhamisi iliyofuata wakaja wote, wanawake wanne na mchungaji, kumfariji mjane. Mjane hana ushuhuda wa kumzuia mtu, kwa hiyo mlango wa mbele ulitosha. Akawapa viti, akawapa maji. Mchungaji akasimama. "Tumshukuru Mungu kwa maisha ya baba yetu."

"Keti, mwanangu," akasema Mama Daftari. "Shukuru ukifika kwako. Aliyetaka kuombewa hapa ameondoka, na mimi bado sijamaliza kuuliza."

Mchungaji akaketi, wanawake wakanywa maji. Mmoja akakohoa. Maji yalipokwisha wakaaga mmoja mmoja, mchungaji wa mwisho.

Wifi akaja kukusanya bilauri, uso umekunjuka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Leo umemkomesha."

"Nimemkomesha nani?" akajibu, akitazama mkono wake wa kuume uliolala mapajani. "Yeye alisema tu. Aliyefuta ni mimi."