Ugonjwa Niliompa Mama Mkwe

Sijui nitaingiaje tena nyumba ile ya Bondeni. Mama mkwe alikubali nimpime mawimbi ya ubongo kwa utafiti wangu. Nikamwomba atulie, asiseme neno, kisha macho yangu yakaganda kwenye kompyuta. Nilipoyachambua mawimbi yale kuwa viwimbi vidogo, sekunde kwa sekunde, nikaona mtikisiko unaojirudia kwa mpigo. Nikajiona bingwa. Bila kumwuliza mjuzi yeyote, nikawakusanya wakwe na kuwaambia kwa sauti ya matangani kwamba huenda ni kifafa. Mke wangu akalia.

Mama mkwe akahamisha tambuu toka shavu moja hadi jingine.

“Siku ile pia nilikuwa nayo kinywani,” akasema taratibu. “Ulinambia nisiseme, baba. Hukunambia nisitafune.”