Muuza maziwa wa Nakivale na chombo cha Hajati Nasimah

Saa kumi na moja na robo alfajiri, Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025. Mvua iliyonyesha usiku kucha juu ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, imepungua na kuwa manyunyu, na ukungu mzito umelala upande wa ziwa. Annonciata, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, amechuchumaa jikoni mbele ya chetezo cha udongo. Ndani yake majani makavu ambayo Wanyankore, wenyeji wa hapa, huyaita emburara yanafuka taratibu bila kuwaka.

Juu ya moshi huo ameinamisha ekyanzi, chombo cha maziwa kilichochongwa kwa mti mmoja. Anakigeuza kidogo, anakinusa, anakirudisha. Kazi hiyo huifanya kila siku, kwa kuwa maziwa yakiwekwa katika chombo kilichofukizwa hupata harufu nzuri na hukawia kuharibika. Lakini chombo cha leo si cha biashara. Jioni kinatakiwa kuwa mikononi mwa Hajati Nasimah, mjane mfugaji wa Biharwe, nje kidogo ya mji wa Mbarara. Annonciata hajui kama Hajati atakipokea, au hata kama atamkaribisha ndani.

Wengi husema hawajutii lolote maishani kwa sababu hawajikumbushi lolote. Annonciata si wa kundi hilo. Kila magharibi, baada ya kunawa miguu na kabla ya chakula, yeye na mumewe Déo, fundi baiskeli, huketi mkekani na kupitia siku yao.

“Tunaulizana: leo ulifurahisha nani? Leo uliumiza nani?” anasema. “Kama muntu tuliyemuumiza iko karibu, tunaenda kwake mbele ya kula. Siku ingine bugali inapoa mingi.”

Déo anakumbuka jioni moja aliyodaiwa radhi na watu watatu, mmoja kwa kumcheka, wawili kwa kuwadanganya kwamba baiskeli zao ziko tayari. Alipomaliza mzunguko, bugali ilikuwa ngumu kama tofali. Tangu siku hiyo, anasema, amekuwa mkweli kwa ajili ya tumbo lake.

Majirani huwatania kwamba nyumba yao ni mahakama isiyo na askari. Hata hivyo ni nyumba yenye kicheko, na wanaopita njiani magharibi hupunguza mwendo kusikiliza.

Kwa miaka kumi na moja, swali la pili lilikuwa na jibu moja ambalo Annonciata hakuweza kulifuta.

Alikimbia vita kutoka Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, Kivu ya Kusini, alikozaliwa katika familia ya wakulima wa mihogo. Mwezi Februari 2014 alipata kazi ya ndani kwa Hajati Nasimah. Hakuwa amewahi kuishi na wafugaji. Siku ya tatu Hajati alikwenda mjini msibani, akamwachia nyumba. Msichana akaona rafuni vyombo vinne vya mti, vyeusi kwa moshi, akadhani mwenye nyumba amelemewa na kazi. Akavichukua vyote, akavisugua kwa sabuni na mchanga mpaka vikawa vyeupe, akavianika juani.

“Nilifurahi sana,” anasema, akijifunika uso kwa kitenge. “Nilisema Hajati atanipenda.”

Kumbe chombo cha namna ile hakiguswi na sabuni, maana ule weusi ndio kazi ya miaka. Ngoga, mchungaji wa nyumba ile, aliporudi na ng'ombe alishika kichwa kwa mikono miwili. Na jua lilikuwa limekipasua kimoja, kile ambacho Hajati alipewa na mama yake mzazi siku ya kuolewa. Annonciata alivirudisha vyote rafuni, ufa ukatazama ukutani. Kabla ya mapambazuko akatoroka.

Kilichomsumbua zaidi si chombo. Alihofu kwamba Ngoga, aliyebaki pale peke yake, ndiye aliyebebeshwa lawama na pengine akafukuzwa.

Maisha ya Nakivale hayakumwachia nafasi ya kurudi upesi. Alibeba maji, akapalilia mashamba ya watu. Ndipo mwanamke mfugaji wa upande wa Ngarama alipompa kazi ya kubeba maziwa na kumfundisha kufukiza. Leo Annonciata huuza wastani wa lita arobaini kwa siku, na faida yake, nauli ikishatolewa, ni shilingi elfu kumi hivi. Kutokana na faida hiyo aliweka akiba kwa miezi saba, akamlipa mchongaji Mihigo shilingi elfu sitini amchongee chombo kilicho bora kuliko vyote alivyowahi kuvichonga.

Saa nne asubuhi anashuka Ruti, kitongoji cha Mbarara, kumpelekea mfanyabiashara Swalik maziwa ya mgando. Mwezi wa Ramadhani wateja wa Swalik huyagombania kwa futari. Macho ya Swalik yanaangukia kile chombo kilichofungwa kwa kitenge.

“Mama Gisèle, niuzie hii. Watalii watanipa mara tatu,” anasema, akimwita kwa jina la bintiye.

“Iko na mwenyewe.”

“Mwenyewe anajua?”

“Bado hajajua,” anajibu, na Swalik anacheka mpaka anasahau alikuwa anahesabu lita ngapi.

Saa kumi alasiri Annonciata yuko Biharwe, mlangoni. Hajati Nasimah, aliyevuka miaka sabini, anatoka na tasbihi mkononi. Hamtambui. Annonciata anapiga magoti kama wanawake wa huku wanavyosalimia wakubwa, na palepale anasema yote: sabuni, mchanga, jua, ufa, kutoroka. Hapunguzi neno. Kisha anafungua kitenge na kukiweka chombo chini.

Hajati anakitazama.

“Mimi nafunga,” anasema. “Siwezi kuonja. Na chombo ambacho sijaonja maziwa yake, siwezi kukisemea. Ngoja futari.”

Hayo ndiyo masaa matatu marefu kuliko yote ya mwaka wake. Aishah, mjukuu wa Hajati, anamchukua jikoni. Maziwa ya nyumba ile siku hizi yamo katika madumu ya plastiki, kwa sababu mikono ya bibi inatetemeka na mjukuu hakujifunza kufukiza. Annonciata anaomba maziwa yaliyokamuliwa jioni ile, anayamimina katika ekyanzi, anafunika, anakaa kando kama mtahiniwa.

Adhana ya magharibi inasikika. Hajati anakula tende moja, anakunywa maji, kisha anakivuta chombo. Anakinusa. Anakunywa. Anakunywa tena.

“Nyabo, umefukiza kama dagaa za kwenu,” anasema, na Aishah anapasuka kwa kicheko. “Moshi mingi. Lakini mkono upo.”

Ndipo Annonciata anapouliza swali la miaka kumi na moja: je, Ngoga alifukuzwa?

“Ngoga? Ngoga alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilijua siku ile ile, niliporudi tu kutoka msibani. Nyumba yote ilikuwa inanuka sabuni, hata ng'ombe walijua. Ngoga amezeeka hapa hapa, sasa analala mapema kuliko kuku.” Sauti yake inashuka. “Kitu kiliniuma ni wewe kutoroka. Chombo kinapasuka. Lakini mtoto wa watu kutembea peke yake na giza, kwa ajili ya sabuni? Nilituma watu mpaka barabarani.”

Annonciata analia na kucheka kwa pamoja. Hajati anamwambia afute machozi, maana chai inapoa.

Wanakubaliana jambo moja kabla ya sala ya isha. Kuanzia Aprili, kila Jumamosi atakapomaliza Ruti, Annonciata atafika Biharwe kumfundisha Aishah kufukiza, na Hajati atakaa kitini kuwasahihisha wote wawili. Annonciata ana mpango wa kufungua kibanda cha maziwa ya mgando mjini Mbarara kabla mwaka haujaisha, na Aishah amekwisha kujitangaza kuwa mshirika wake.

Lakini Annonciata ni mtu wa kumaliza jambo kwa neno lililo wazi. Anauliza: “Hajati, bado unanidai?”

Bibi anakiinua chombo kwa mikono miwili, anamaliza tone la mwisho.

“Nilikuwa nakudai chombo, umeleta chombo,” anasema. “Umelipa.”