Mlango wa Fundi Magodoro

Zamani mgonjwa hakuachwa peke yake. Nyumba ilijaa, viti vikaazimwa kwa jirani, na mwenye kufa alikufa akisikia watu wanabishana habari za mpira. Fundi magodoro alizeeka akiujua utu huo. Sasa amelala chumba cha nyuma, tena juu ya sponji, yeye aliyeshonea nusu ya mji magodoro ya pamba, na wageni marufuku.

Ana saratani ya utumbo. Daktari alisema atapasuliwa, ila kwanza achanjwe mafua, mwili upate wiki mbili za kujiandaa, kwa kuwa baada ya kisu kinga hulegea na mafua ya kawaida tu yanaweza kummaliza.

"Na mwili wenye saratani huenda usiishike chanjo sawasawa," aliongeza. "Wanaomkaribia nao wachanjwe."

Binti yake akalishika neno hilo kama amri. Alichanjwa yeye, akachanjwa mumewe. Asiyechanjwa aliishia barazani, na wa kwanza kuishia hapo alikuwa Chogo, aliyechambua pamba na fundi tangu ujana wao.

"Kachanjwe, baba mdogo, uje umwone."

"Mwanangu, mimi na sindano hatuelewani."

"Si ulishona magodoro kwa sindano ndefu kama mkono?"

"Godoro halisikii maumivu."

Kule ndani fundi alicheka mpaka tumbo likamuuma. Kisha akageukia ukuta. Mazungumzo yalikuwa kule, yeye yuko huku.

Siku ya mwisho kabla ya kulazwa, binti alitoka kununua mashuka. Chogo akazunguka uani. Fundi alimjua kwa kikohozi.

"Fungua, ndugu yangu. Wamekuficha kama bibi harusi."

"Umechanjwa?"

"Achana na hayo. Kesho wanakuchana kama godoro bovu, na sijui nani atakushona."

Fundi aliinuka, akashika ukuta, akafika mlangoni. Haukufungwa, binti alimwamini. Upande wa pili aliisikia pumzi ya mwenzake, nzito, inakwaruza. Aliutaka uso ule kuliko dawa yoyote. Lakini kuishi nako alikutaka.

"Kaa hapo hapo, Chogo. Zungumza, nakusikia."

"Nizungumze na mbao?"

Kitasa kikaanza kuzunguka. Fundi akasukuma komeo. Alijaribu kulisukuma taratibu, lakini chuma kikalia.

Kitasa kikarudi mahali pake. Kisha hatua zikajikokota kuelekea barabarani, na fundi akabaki amesimama, mkono ungali kwenye komeo.